Kwa nini bondia mmoja huchanika upesi na mwingine hachaniki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila bondia anapofutwa damu kwenye kona, kuna shabiki atakayesema, "Huyu ana ngozi laini." Maneno hayo yamesemwa mno hadi watu wakaacha kuuliza kama ni kweli. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia zaidi, na majibu yake mengi yatakupeleka mbali kidogo na ngozi.

Je, kweli wapo mabondia wenye "ngozi ya karatasi"?

Wanaochanika kuliko wenzao wapo, hilo halina ubishi. Henry Cooper wa Uingereza alimwangusha Cassius Clay pale Wembley mwaka 1963 kwa ngumi ya kushoto inayozungumzwa hadi leo, lakini raundi iliyofuata refa akasimamisha pambano kwa sababu Cooper alikuwa amepasuka jichoni na damu haishikiki. Walirudiana mwaka 1966, Clay akiwa ameshakuwa Muhammad Ali, na mambo yakaishia palepale: raundi ya 6, jicho, damu. Kule Marekani, Chuck Wepner alipasuka mara nyingi hadi akabatizwa "mvuja damu wa Bayonne", kwa jina la mji wao. Baada ya pambano lake na Sonny Liston mwaka 1970 alishonwa nyuzi zaidi ya 70.

Hata hivyo, ngozi inabebeshwa mzigo usio wake wote. Mara nyingi mwenye hatia ni mmoja kati ya watatu: fupa lililo chini ya ngozi, kovu lililobaki kutoka pambano la nyuma, au namna bondia anavyobeba kichwa chake ulingoni. Mara nyingine wote watatu wanashirikiana.

Glavu imejazwa vitu laini. Inachanaje ngozi?

Haikati kama kisu. Weka kitambaa kilicholowa juu ya ukingo wa meza, kisha kigonge kwa nyundo ya mpira. Nyundo haina makali, lakini kitambaa kitaachia pale penye ukingo. Ndivyo inavyokuwa usoni: ngozi inabanwa kati ya glavu na mfupa, inakosa pa kwenda, inapasuka. Ndiyo maana jeraha la bondia mara nyingi hulala kufuata mstari wa fupa la nyusi.

Kuna aina ya pili, ya kuvutwa. Ngumi haikutua sawasawa, imepita ikiteleza, na ngozi ya glavu imeng'ang'ania ngozi ya uso na kuivuta pembeni. Hapa ngumi nyepesi yaweza kuleta jeraha kubwa kuliko kombora lililotua katikati ya kidevu. Watazamaji hushangaa, "Mbona hakupigwa sana?" Hakupigwa sana, alikwaruzwa vibaya.

Aina ya tatu ni kichwa cha mpinzani, na hiyo ina swali lake huko mbele. Mfupa kwa mfupa hauna mchezo.

Kwa nini nyusi kila mara? Mbona si shavu au kidevu?

Shavu lina nyama na mafuta, na nyuma yake kuna uwazi wa mdomo, likipigwa linabonyea. Kidevu kinapokea ngumi na taya linasogea. Nyusi hazina pa kukimbilia. Ngozi ya pale imetandazwa juu ya mfupa wenye ukingo, na kati yao kuna misuli myembamba tu. Paji la uso na kitefute, lile fupa la juu ya shavu, vina shida hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Kope ni jambo jingine tena: ngozi yake ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita 1, kwa hiyo jeraha la kope huwatisha madaktari zaidi ya jeraha refu la nyusi.

Basi umbo la uso ndilo linaloamua?

Ndilo linaloanza kuamua. Mtazame bondia kwa upande, si kwa mbele. Mwenye fupa la nyusi lililochomoza kama kibaraza, lenye ukingo mkali, na macho yaliyozama ndani, amebeba ile meza ya mfano wetu usoni. Kila ngumi ya juu itatua kwenye ukingo huo. Mwenye paji linaloshuka taratibu na fupa la mviringo hupokea nguvu ileile, lakini inasambaa eneo pana. Vitefute vilivyochongoka vina hadithi hiyohiyo.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: fupa hilohilo linalompasua ngozi ndilo linalolinda mboni ya jicho lake. Mwenye uso bapa anaweza asipasuke lakini akavimba macho yote mawili hadi haoni.

Kovu la zamani lina uzito gani katika jambo hili?

Mkubwa. Kama ningeruhusiwa kumuuliza bondia swali moja tu ili nijue kama atachanika, nisingeuliza habari za ngozi yake. Ningeuliza: mara ya mwisho ulichanika lini, na ulishonwa na nani?

Ngozi ikipasuka, mwili hauirudishi ilivyokuwa. Unaweka kiraka. Ngozi nzima ina nyuzinyuzi za kolajeni zilizosukwa huku na huko kama kitambaa kizuri, na ukiivuta upande wowote inakubali. Kovu lina kolajeni hiyohiyo, lakini imepangwa upande mmoja na imekaza, haina ule mnyumbuko. Wiki 3 baada ya kuumia, wakati kwa macho jeraha limefunga na bondia anajiona amepona, pale mahali pana karibu robo tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Inachukua kama miezi 3 kufika asilimia 80 hivi. Na hapo ndipo panapoishia. Mia haifiki hata ukisubiri miaka.

Sasa fikiria kijana aliyechanika, akashonwa haraka haraka kwa juu tu bila tabaka za ndani kuunganishwa, nyuzi zikatolewa baada ya siku 5 hadi 7 kama ilivyo kawaida ya uso, na wiki ya 3 yuko kwenye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzake. Anapasuka palepale. Anashonwa tena. Kovu linazidi kuwa nene, gumu, na wakati mwingine linanatana na mfupa. Ngozi nzima ikiguswa na glavu huteleza kidogo juu ya mfupa na kujiokoa. Kovu lililonatana halitelezi. Baada ya mara tatu au nne za namna hiyo, watu wanasema amezaliwa na ngozi laini. Hakuzaliwa nayo. Ametengenezewa, na baadhi ya waliomtengenezea walikuwa wanamharakisha arudi ulingoni.

Ndiyo maana utaona mabondia wasiochanika kabisa katika mapambano 15 ya kwanza, kisha wakichanika mara moja, inakuwa desturi.

Jeraha la kina linashonwaje vizuri?

Kwa tabaka. Kwanza misuli na nyama ya chini vinaunganishwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe ili kusibaki uwazi wa kujaa damu, halafu ngozi ya juu kwa nyuzi nyembamba, kingo zikikutana sawasawa. Gundi ya ngozi peke yake, kwa mkato wa kina kwenye nyusi ya mtu anayelipwa kupigwa usoni, ni utani.

Watu weupe huchanika zaidi ya weusi?

Imani hiyo ni ya zamani sana kwenye ndondi. Ina chembe za kuaminika: ngozi nyeusi kwa kawaida ina tabaka la chini nene na lililoshikamana zaidi, na inazeeka polepole kwa kuwa jua haliiharibu upesi. Lakini chembe hizo zimekuzwa mno. Damu na wekundu huonekana zaidi juu ya ngozi nyeupe, kwa hiyo macho yetu wenyewe yanatudanganya. Mwaka 1985 Marvin Hagler, mtu mweusi, alipasuka paji la uso dhidi ya Thomas Hearns hadi daktari akaitwa kumkagua katika raundi ya 3. Hagler aliruhusiwa kuendelea, naye akamaliza kazi katika raundi hiyohiyo, labda kwa sababu alijua hana muda. Tofauti kati ya mtu na mtu ndani ya rangi moja ni kubwa kuliko tofauti ya rangi na rangi. Mwenye ngozi nyeusi, zaidi ya hapo, ana uwezekano mkubwa wa kupata kovu linalovimba na kukua, ambalo nalo ni usumbufu wake.

Mtindo wa kupigana unahusika vipi?

Unahusika kuliko watu wanavyokiri. Bondia anayeingia kwa kichwa, kidevu kimefichwa kifuani na paji likiwa mbele, anaziwekea ngumi nyusi badala ya taya. Kwa upande wa kuzimwa taa, yaani kupigwa hadi kupoteza fahamu, ni uamuzi mzuri. Kwa upande wa damu, ni gharama. Anayekaa mbali, akisogeza kichwa na kupokea ngumi kwa mabega na mikono, anaweza kuwa na fupa baya kabisa na akastaafu uso ukiwa safi.

Kuna pia suala la bondia mashoto, anayetegemea mkono wa kushoto, dhidi ya wa mkono wa kulia. Miguu yao ya mbele inakutana kwenye mstari mmoja, kila mmoja anagombea kuweka wake upande wa nje, na wote wakirusha mkono wa nyuma kwa pamoja vichwa vinakwenda sehemu moja. Pambano la namna hiyo likiisha bila vichwa kugongana hata mara moja, mpe refa pongezi zake.

Umri je?

Ngozi ya miaka 36 si ya miaka 22. Inapungua unene na mnyumbuko, na kwa bondia imeshapigwa miaka mingi.

Yale mafuta wanayopakwa usoni yana kazi gani?

Yanapunguza msuguano ili ngumi iteleze badala ya kung'ang'ania. Yanasaidia dhidi ya ile aina ya pili ya jeraha, ya kuvutwa. Dhidi ya kubanwa kwenye mfupa hayana msaada mkubwa. Hupakwa nyusi, vitefute na daraja la pua. Yakizidi refa ataamuru yafutwe, kwa kuwa yanahamia kwenye glavu na kisha kwenye macho ya mpinzani.

Glavu zenyewe zina tofauti?

Zina. Katika ndondi za kulipwa, uzito wa kati wa chini kuja chini, yaani hadi kilo 66.7, hutumia glavu za aunsi 8; juu ya hapo aunsi 10. Zile za mazoezi huwa aunsi 14 au 16. Glavu iliyojazwa manyoya ya farasi hubonyea hadi vifundo vya ngumi vinahisika. Iliyojazwa sponji nene husambaza nguvu. Ndiyo maana kambi mbili zinaweza kugombana juma zima kuhusu aina ya glavu, na mashabiki wakadhani ni majivuno. Glavu zenye kamba lazima zifunikwe kwa utepe, kwa kuwa kamba ikiburutwa juu ya kope inachana vizuri sana, na mabondia wajanja wa zamani walilijua hilo.

Kinga ya kichwa inazuia kuchanika?

Ndiyo, na hiyo ndiyo kazi inayoiweza. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Kwenye Olimpiki ilivaliwa kuanzia 1984, kisha mwaka 2013 shirikisho la ndondi za ridhaa likaiondoa kwa wanaume wa ngazi ya juu, na michezo ya Rio mwaka 2016 wanaume wakapigana bila kinga huku wanawake wakibaki nayo. Matokeo yalikuwa kama yalivyotarajiwa: nyuso zilianza kupasuka zaidi. Katika mashindano ya ridhaa hilo ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa bondia hupigana mara kadhaa ndani ya siku chache. Mkato wa Jumatatu unakutoa kwenye nusu fainali ya Ijumaa hata kama ulishinda kwa pointi zote.

Mbona kijeraha kidogo kinamwaga damu nyingi hivyo?

Uso na kichwa vina mishipa mingi ya damu karibu na juu, na bondia yuko katikati ya kazi: moyo unakimbia na mishipa imepanuka. Jasho nalo linaisambaza damu na kuizidisha machoni petu. Usipime jeraha kwa rangi ya kaptula. Mkato wa kutisha kwenye paji la uso unaweza kuwa salama, wakati mpasuko wa sentimita 1 kwenye kope ukasimamisha pambano kwa haki.

Kona, yaani wasaidizi wa bondia, inafanya nini katika dakika ile moja kati ya raundi?

Sekunde 60 kwa jina tu. Ukitoa bondia kufika kwenye kiti na kusimama tena, zinabaki kama 40. Anayeshughulikia majeraha anafuta kwanza, ili aone mkato unaanzia wapi, kisha anaingiza kijiti cha pamba chenye adrenalini ya 1 kwa 1,000 ndani ya jeraha na kukandamiza. Adrenalini inabana mishipa; kukandamiza ndiko kunakozuia damu. Mwishoni anaziba kwa mafuta mazito. Kosa la kawaida ni papara: kuinua pamba kila baada ya sekunde 3 kuangalia kama damu imekoma. Haitakoma kama unaichungulia.

Zamani ilitumika dawa ya chuma iitwayo Monsel. Ilizuia damu kweli, lakini iliunguza nyama, iliacha ugumu ndani ya jeraha, na ikidondokea jichoni ilikuwa hatari. Imepigwa marufuku sehemu nyingi. Kipande kile cha chuma kilichopoozwa kwa barafu ni cha uvimbe, si cha mkato, na kusukuma uvimbe nacho ili "uhame" kunaongeza madhara.

Mfano ninaoupenda ni wa Septemba 1954. Pua ya Rocky Marciano ilipasuka tunduni dhidi ya Ezzard Charles, mahali ambapo huwezi kukandamiza vizuri kwa sababu mtu anahitaji kupumua. Kona yake ilimnunulia muda kidogo tu. Marciano akautumia: Charles alikwenda chini raundi ya 8.

Pambano linasimamishwa kwa jeraha la namna gani?

Daktari anaangalia mahali kuliko urefu. Kope ya juu iliyopasuka hadi ukingoni, kona ya ndani ya jicho penye mfereji wa machozi, mdomo uliochanika hadi nje, na mkato wa nyusi uliofika kwenye neva au unaomwaga damu moja kwa moja jichoni: hayo yanamaliza usiku. Asiyeona ngumi inakuja hawezi kujikinga nayo, na hilo ndilo swali halisi.

Mwaka 2003 Vitali Klitschko alikuwa akimwongoza Lennox Lewis kwa pointi 58 kwa 56 kwenye karatasi za majaji wote watatu wakati daktari aliposema basi baada ya raundi ya 6. Klitschko alilalamika sana, na ukumbi nao ukalalamika. Alipoinua kichwa kumtazama daktari, kope ilimfunika jicho. Kwa maoni yangu hapakuwa na mjadala.

Kwa nini hapo pointi hazikuhesabiwa?

Kwa sababu mkato ulitokana na ngumi halali. Ngumi ikikupasua ukashindwa kuendelea, umeshindwa kwa TKO, yaani kwa kusimamishwa pambano, hata kama ulikuwa unaongoza. Vichwa vikigongana kwa bahati mbaya ni hesabu nyingine: kwa kanuni zinazotumika sehemu nyingi, pambano likisimama kabla ya raundi 4 kumalizika halina mshindi, na likisimama baada ya hapo majaji wanahesabu. Mwaka 2002 Hasim Rahman alivimba nundu kubwa kwenye paji baada ya kugongana kichwa na Evander Holyfield. Pambano likasimamishwa raundi ya 8 na Holyfield akashinda kwa karatasi. Kwa hiyo refa anapopaza sauti "kichwa!" au "ngumi!" mara tu damu inapoonekana, anaamua jambo kubwa kuliko inavyosikika.

Kulowesha uso kwenye maji ya chumvi kunakaza ngozi?

Jack Dempsey, bingwa wa uzito wa juu kati ya 1919 na 1926, alikuwa akiloweka uso na mikono kwenye maji ya chumvi ya kuhifadhia nyama. Ni simulizi nzuri. Ngozi iliyokaushwa kwa chumvi inapoteza unyevu wake, na iliyokauka inapasuka upesi kuliko yenye unyevu. Dempsey alisaidiwa zaidi na tabia yake ya kumaliza mapambano mapema.

Dawa zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu?

Aspirini ndiyo ya kuogopwa. Kidonge kimoja kinavuruga chembe za kugandisha damu kwa maisha yake yote, ambayo ni siku 7 hadi 10, kwa hiyo bondia anayemeza kwa maumivu ya kichwa wiki ya pambano amejitafutia. Dawa nyingine za maumivu za jamii ya ibuprofeni zina athari fupi zaidi, lakini zipo. Mwambie daktari, usinyamaze.

Upasuaji unaweza kumponya mwenye tatizo sugu?

Unaweza kupunguza. Daktari wa upasuaji huondoa kovu lote gumu, huachanisha ngozi na mfupa, na wakati mwingine husawazisha ukingo wa fupa la nyusi. Baada ya hapo unatakiwa mwaka au karibu yake bila kupigwa usoni. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi.

Arudi lini kwenye sparingi?

Mazoezi ya kukimbia, kamba na mfuko anaweza kuanza mapema. Kupigwa usoni, hesabu miezi, si wiki. Tyson Fury alipasuka vibaya juu ya jicho la kulia dhidi ya Otto Wallin Septemba 2019, akamaliza raundi 12, akashinda na kushonwa nyuzi 47. Mwanzoni mwa 2024 alipasuka juu ya jicho hilohilo akiwa mazoezini, na pambano lake na Oleksandr Usyk lililokuwa lifanyike Februari 17 likasogezwa hadi Mei 18. Miezi 3 na siku moja. Waliopanga tarehe hiyo hawakubahatisha.

Naweza kumtambua atakayechanika kabla ya kengele?

Wakati anasubiri kutangazwa, mtazame kwa upande uone fupa la nyusi. Kisha tafuta pale ambapo nywele za nyusi zimekatika. Hapo pana kovu. Halafu itazame kona ya mpinzani. Kama kocha wao anagusa nyusi yake mwenyewe kwa kidole huku akimnong'oneza bondia wake, nao wameshaliona.